Saida tamu, saida kali na siki: Mtafsiri akamwulize mgema

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi ni mkalimani katika jimbo la Michigan, Marekani, aliniletea swali juzi ambalo nimeshindwa kulijibu kwa sentensi moja. Mtaa anaoishi una familia nyingi za Wakongomani waliopokewa huko kama wakimbizi, na Kiswahili ndiyo lugha yao ya nyumbani. Majirani zao Wamarekani walikuwa wakiandaa karamu ya mwezi wa Oktoba, ile ya kukutana nje jioni kukiwa na ubaridi na kunywa kinywaji cha matofaa kilichopashwa moto kwa viungo. Mwaliko pamoja na maelezo ya kupika kinywaji hicho ulipitishwa kwenye programu ya kompyuta ili utoke kwa Kiswahili. Ukatoka.

Karamu ikaitwa "Karamu ya Kuanguka". Kinywaji kikawa "siki ya tofaa". Na chini yake, maagizo: lita nne za siki zipashwe moto, kila mtoto apewe kikombe kimoja, na watu wazima wakitaka waongezewe ramu.

"Mwalimu," akaniuliza, "nisahihishe nini kwanza?"

Nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Siki moto kikombe kizima kwa mtoto si mzaha. Na kosa lenyewe, ukilichunguza, si la kompyuta peke yake. Ingia supamaketi yoyote hapa Nairobi uulize "apple cider". Utaelekezwa kwenye rafu ya siki, kwenye ile chupa wanayoinunua wanaotaka kupunguza kitambi. Kwa Mkenya wa kawaida neno hilo limekwisha kuwa siki, na kama si siki basi ni ile chupa ya baridi inayouzwa baa karibu na bia, ambayo wengi huichukulia kama soda iliyochangamka kidogo. Ya kwamba kuna mahali duniani ambapo neno hilohilo ni juisi wanayonyweshwa watoto wa chekechea, hilo hatuna habari nalo.

Basi tuanze na kitu chenyewe, jina litafuata. Nitakiita saida, kwa kuwa ndivyo tunavyolitamka neno hilo hapa kwetu tukiwa hatujioni, ingawa najua yuko Bi Saida mmoja au wawili watakaonipigia simu.

Matofaa yakiiva, husagwa pamoja na maganda na kokwa zake hadi yawe kama uji mzito. Uji huo hufungwa katika vitambaa, ukawekwa kwenye shinikizo na kukamuliwa. Kinachotiririka ni maji mazito ya rangi ya kahawia, kwa maana nyama ya tofaa hubadilika rangi ikikutana na hewa. Wamarekani huyanywa hivyo hivyo bila kuyachuja yakawa meupe, na hayo ndiyo wanayoyaita saida. Yakichujwa yakang'aa na kufungwa kwenye pakiti, huyaita juisi. Yaache maji yale siku kadhaa mahali penye joto la kadiri: hamira iliyo katika ganda la tofaa na katika hewa itaanza kuila sukari, povu litapanda, na baada ya wiki chache una pombe. Iache pombe hiyo wazi hewani kwa muda zaidi, bakteria wengine waingie kazini, na utapata siki. Ni maji yaleyale, tofauti ni muda tu.

Mpenzi msomaji wa Kilifi au Kwale ameshaona ninakoelekea. Mgema akishuka mnazini asubuhi na kibuyu chake, anachoshuka nacho ni tembo tamu. Hiyo hunywewa hata na watoto, na akina mama huitumia kuumulia mikate. Ikilala kucha, kesho yake ni tembo kali, na hapo wanaoitafuta ni wengine. Ikizidi kukaa, inakuwa siki ya mnazi, ya kutilia kachumbari na achari. Kiswahili kimekuwa na hatua hizi tatu na majina yake tangu kale, wala hakikumngoja mtu wa Ulaya aje kukifundisha. Kwa nini basi tukutane na saida tuanze kubabaika, eti lugha yetu haina maneno?

Pendekezo langu kwa mkalimani lilikuwa hilo: saida tamu, saida kali, siki ya saida. Na ninasisitiza "kali". Nimeona mahali pameandikwa "saida ngumu", kwa sababu Waingereza na Wamarekani wana neno moja linalomaanisha ugumu wa jiwe na ukali wa pombe. Sisi hatunalo. Kwetu jiwe ni gumu, pombe ni kali. Anayesema saida ngumu atafute na msumeno wa kuikatia.

Wakongomani waliosoma kwa Kifaransa wana tatizo la ziada, na hapa ndipo nilipomwambia mkalimani asiliache neno saida peke yake hata mara moja. Kwa Kifaransa neno hilo ni pombe. Mama aliyesoma Bukavu au Lubumbashi akiona kwenye mwaliko kwamba watoto watapewa saida, atadhani majirani zake wapya wana wazimu, au atabaki nyumbani na wanawe. Hata "tofaa" lenyewe huenda asilitambue, kwa kuwa wengi wao wamezoea kusema pome kwa kufuata Kifaransa. Na ukiandika "maji ya pome" kwa haraka, herufi moja ikiteleza, umerudi kwenye pombe. Kazi ya ukalimani ina mitego, jamani!

Nina sababu yangu ya kulishikilia jambo hili, na ni sababu ya aibu.

Nilipokuwa kijana nikisomea uzamifu Marekani, saida niliijua kama kinywaji cha kanisani. Kila Oktoba tulikwenda shambani na watoto wa Jumapili, tukachuma matofaa, tukanywa saida na maandazi yao yale yenye tundu katikati. Miaka kadhaa baadaye nikajikuta kwenye kongamano Uingereza, kusini-magharibi, huko Somerset, ambako matofaa ni kama maembe kwetu. Nilikuwa na mwenzangu, msomi wa Kiarabu na Kiswahili, mtu wa Lamu, Mwislamu wa swala tano. Jioni mwenyeji wetu akatuletea vinywaji katika magilasi makubwa.

"Ndugu yangu, hii ni kitu gani?" akaniuliza.

"Hii? Saida tu, bwana. Ni maji ya matofaa. Marekani hunywa watoto."

Akanywa. Ilikuwa tamu na baridi, na siku hiyo kulikuwa na jua. Aliponyanyua gilasi mara ya tatu, mwenyeji akatutahadharisha kwa ucheshi kwamba hiyo ni ya kienyeji, ina nguvu kuliko bia. Mwenzangu akaiweka gilasi mezani taratibu. Hakusema kitu usiku ule wala siku iliyofuata. Siku ya tatu tukiwa kwenye treni akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa: "Mimi sikujua, kwa hivyo sina dhambi. Lakini wewe ulisema unajua."

Uingereza saida haina kivumishi kwa sababu daima ni pombe. Marekani ni mpaka uambiwe ni kali. Nami nilikuwa nimetafsiri neno la nchi moja kwa kamusi ya nchi nyingine.

Katika treni hiyohiyo, ili kunipunguzia fedheha nadhani, akanipa somo ambalo nimelitumia darasani tangu siku hiyo. Neno cider si la Kiingereza kwa asili. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, Wafaransa wakalirithi kutoka Kilatini, ambako lilikuwa sicera, nalo Kilatini kililipata kwa Kigiriki cha Biblia, sikera. Na Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walilichukua kutoka Kiebrania, shekar, yaani kinywaji chochote cha kulevya kisichokuwa divai ya zabibu. Katika Injili ya Luka, malaika anapomwagiza Zakaria kuhusu vinywaji ambavyo mwanawe Yohana hatavigusa, Biblia yetu ya Muungano inatumia neno "kileo", nalo ni chaguo zuri sana. Biblia ya Kiingereza ya wafuasi wa Wycliffe, ya karne ya 14, iliandika hapo neno lilelile la saida. Kwa hiyo saida ilianza safari ikiwa kileo cha jumla, ikafika Ulaya ya kaskazini ikajifunga kwa tofaa, ikavuka bahari na kwa Wamarekani ikapoteza hata ulevi wake.

Sasa sikiliza. Shekar ya Kiebrania ni ndugu wa damu na mzizi wa Kiarabu s-k-r, wenye maana ya kulewa. Na mzizi huo tunao katika Kiswahili kila siku ya msiba: sakarati, ile hali ya mtu kupotewa na fahamu anapokata roho. Kwa Kiarabu ni ulevi wa mauti. Sakarati na saida ni binamu! Sukari, hata hivyo, usiitie humo. Sukari ina ukoo wake tofauti, ulioanzia Kisanskriti ukapitia Kiajemi kabla ya Waarabu kutuletea. Wanafunzi wangu hupenda kuziunganisha kwa sababu zinafanana sura, nami kila mwaka hulazimika kuwatenganisha.

Tuje kwa majira. "Karamu ya Kuanguka" ni kichekesho, lakini kinachopendekezwa na baadhi ya vitabu vyetu vya shule si bora sana. Vitabu hivyo huita majira hayo "vuli". Miezi inakaribiana, nakiri: mapukutiko ya Marekani ni Septemba hadi Novemba, na vuli yetu ni mvua za Oktoba hadi Desemba. Lakini vuli ni mvua ya kupandia. Mkulima wa Machakos akisikia vuli anatafuta jembe na mbegu. Mkulima wa Michigan majira hayo anavuna, anajaza ghala, na majani ya miti yake yanageuka manjano na mekundu kabla ya kupukutika. Ukimwambia mtoto kwamba karamu ya mavuno hufanyika wakati wa vuli, umemfundisha nusu tu ya jambo. Mimi husema majira ya mapukutiko, au majani kupukutika ikiwa nafasi ipo. Ni jina refu, ndiyo. Kwa mwaliko ule nilipendekeza "Karamu ya Mavuno ya Matofaa" na nikaliacha suala la majira kabisa, kwa kuwa tarehe ilikuwa imeandikwa.

Kuhusu kokteli sina mengi. Maelezo ya kwanza ya maana yake yaliyochapishwa yalitokea katika gazeti la mji wa Hudson, jimbo la New York, mwaka wa 1806: pombe kali, sukari, maji na dawa chungu za mitishamba. Hapa kwetu kokteli mkahawani ni juisi ya maembe, parachichi na karakara zilizopangwa rangi rangi kwenye gilasi. Hakuna kosa; neno limehama. Ila mfasiri ajue linahama na kitu gani.

Wamarekani walikuwa wakichanganya saida na pombe kali kabla ya gazeti hilo. Kinywaji chao cha zamani kiitwacho Stone Fence, yaani ua wa mawe, ni ramu iliyomiminiwa saida kali. Husimuliwa kwamba wanamgambo wa Ethan Allen walikinywa katika kilabu kimoja cha Vermont kabla ya kwenda kuiteka ngome ya Ticonderoga mwezi wa Mei 1775. Ukitazama kipimo chake unaelewa ushujaa ulikotoka.

Kile cha karamu ni cha upole zaidi, na hivi ndivyo nilivyomwandikia mkalimani, kwa kufuata nilivyofundishwa na mama mmoja wa kanisa miaka hiyo. Chukua lita mbili za saida tamu. Ukiwa Kenya ambako haiuzwi, saga matofaa kwa mashine ya jikoni, ukamue kwa kitambaa safi. Changanya matamu na yale machachu ya kijani, la sivyo utapata maji ya sukari tu. Mimina katika sufuria pana. Tia vijiti vinne vya mdalasini, karafuu nzima kumi, kipande cha tangawizi cha ukubwa wa kidole gumba kilichopondwa, na maganda ya chungwa moja bila ile nyama nyeupe, maana huleta uchungu. Ukipenda utamu zaidi, vunja sukari guru kiasi. Weka kwenye moto mdogo kwa nusu saa. Isichemke kwa mapovu. Ifuke mvuke tu, na mapovu madogo yaanze kujitokeza pembeni. Mpishi mwenye haraka huichemsha, na harufu yote ya viungo inaishia darini. Lakini isiwe vuguvugu tu pia, kwa sababu saida mbichi ya shambani yaweza kuwa na vijidudu. Ifike nyuzi 75 hivi. Chuja, kisha kwangulia kungumanga juu ya kila kikombe.

Hii inatosha kwa vikombe vinane na ndiyo ya watoto, ya wajawazito, ya mwenye kuendesha gari, na ya kila ambaye dini au moyo wake haumruhusu kingine. Anayetaka kokteli, mtilie ramu mililita 45 katika kikombe chake, halafu umjazie saida moto. Ramu isitiwe sufuriani. Sababu moja ni ya kisayansi: kileo hugeuka mvuke kwenye nyuzi 78, kwa hiyo utakuwa unaivukiza pesa yako. Sababu ya pili ni ile ya treni.

Nilipokuwa nikiandika orodha ile ya viungo niligundua kwamba hakuna neno hata moja nililohitaji kulibuni. Mdalasini ni Kiajemi kilichopitia Uhindi, na ndani yake umo mti wa Uchina. Kungumanga inabeba Manga, jina letu la kale la Uarabuni, kama pilipili manga na komamanga. Karafuu ni Kiarabu, qaranful. Waingereza huiita karafuu kwa neno la Kifaransa lenye maana ya msumari, na ukiitazama kavu utakubali. Tofaa nalo ni Kiarabu, tuffah, lakini mwulize mzee wa Mombasa au Unguja: tofaa lake la utotoni si hili la Afrika Kusini linalouzwa barabarani. Ni lile tunda jekundu lenye maji mengi, la mti mrefu wenye maua ya rangi ya waridi yanayotandaza zulia chini yanapodondoka. Wataalamu wa mimea huuweka mti huo katika jenasi ya Syzygium, pamoja na nani? Pamoja na mkarafuu. Tofaa la pwani ni jamaa ya karafuu na si jamaa ya tofaa la Michigan.

Karafuu, kwa jambo hilo, haikufika kwenye sufuria za Marekani kwa bahati. Mikarafuu ilitoka visiwa vya Maluku, ikapandwa Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akawahimiza wenye mashamba waizidishe. Waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa, wengi wakitoka bara. Kimbunga cha mwaka wa 1872 kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikashika usukani. Meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikija Zanzibar kununua pembe, sandarusi na karafuu, zikituletea kitambaa ambacho hadi leo tunakiita marekani. Kwa hiyo mama wa Marekani aliyedondoshea karafuu katika saida yake miaka ya 1840 huenda alikuwa amelipa kwa nguo aliyoivaa bibi wa mtu hapa Pwani. Nimemwomba mkalimani alitie hilo kwenye mwaliko. Akasema karatasi imejaa.

Amenijibu wiki hii. Sufuria zilikuwa mbili, mbali mbali, kila moja na kibandiko. Moja imeandikwa "Saida tamu ya viungo: haina kileo". Ya pili, iliyowekwa kwenye meza ya mwisho, "Saida yenye ramu: ina kileo, watu wazima tu". Mzee mmoja wa Uvira alisoma vibandiko vyote viwili kwa makini, akamwita mkalimani kando, akamwuliza kama hiyo ya kwanza ikilala mpaka kesho itakuwa kama ya pili.

"Bila ramu, baba, itachukua muda," akamjibu.

"Kwetu mawese hayachukui," mzee akasema, naye mkalimani ananiuliza sasa kama mawese ya Uvira ni tembo au ni mafuta. Hilo nitalijibu juma lijalo.